Namna ya Kujijenga Kuwa Mtafiti wa Magonjwa ya Kuambukiza ya Watoto

Watoto watatu wanaweza kulazwa wodi moja usiku mmoja kwa homa inayofanana: mmoja ana wiki 3, wa pili miezi 9, wa tatu miaka 6. Ukiandika "mtoto, homa" kwenye fomu zote tatu, utafiti wako umeharibika kabla haujaanza. Wa wiki 3 bado analindwa na kingamwili za mama, na tishio lake kubwa ni bakteria aliowapata wakati wa kuzaliwa au siku chache baadaye. Wa miezi 9 kinga ya mama imemwisha na yake haijakomaa. Wa miaka 6 ameshakutana na vimelea vingi, na anaweza kukuonyesha panapouma. Umri ndio unaoamua ugonjwa gani uutafute, damu kiasi gani uchukue, kipimo kipi kina maana na nani aombwe ruhusa. Anayetaka kuifanya kazi hii alishike hilo kwanza.

Njia za kuingilia

Njia ya daktari ni ndefu. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5 au 6, mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja hivi, ubingwa wa watoto miaka 3 au 4, ubobezi wa magonjwa ya kuambukiza miaka 2 au 3, na shahada ya uzamivu miaka 3 au 4. Mpangilio hutofautiana nchi kwa nchi, na wengi huunganisha ubobezi na uzamivu ili kuokoa muda. Usisubiri ngazi zote ziishe ndipo uanze kutafiti. Chukua swali dogo ukiwa kwenye ubingwa, hata kama ni kupitia mafaili 200 ya watoto waliougua homa ya uti wa mgongo, ulimalize na uliandike. Aliyewahi kumaliza kazi moja ndogo anajua mambo yasiyofundishwa darasani: mafaili hupotea, tarehe hazilingani, na jedwali la kwanza la makala hula muda kuliko sehemu nyingine yoyote.

Si lazima uwe daktari. Ruth Bishop alikuwa mwanasayansi wa maabara. Mwaka 1973, mjini Melbourne, yeye na wenzake waliangalia kwa hadubini ya elektroni vipande vidogo vya utumbo wa watoto wenye kuhara, wakaona virusi ambavyo baadaye viliitwa virusi vya rota. Uvumbuzi huo ndio uliofungua njia ya chanjo. Watakwimu, wataalamu wa maabara, wauguzi na wanasayansi ya jamii wote wana nafasi, na timu isiyo na mtakwimu tangu siku ya kwanza huja kuijutia.

Mwaka wa kwanza jipatie vitu vinne. Cheti cha utendaji bora wa majaribio ya tiba (GCP), ambacho husomwa kwa siku chache na taasisi nyingi hutaka kihuishwe kila baada ya miaka 2 au 3. Programu moja ya takwimu, R au Stata, uijue kiasi cha kusafisha data mwenyewe. Namba ya ORCID, yaani utambulisho wa kimataifa wa mtafiti wenye tarakimu 16, ili kazi zako zisichanganywe na za mwenye jina kama lako. Cha nne ni muda wa kukaa wodini, hata kama kazi yako ni ya maabara.

Msimamizi mchague kwa makini kuliko unavyochagua mada. Waulize wanafunzi wake wa zamani: walimaliza kwa miaka mingapi? Nani aliandikwa mwandishi wa kwanza kwenye makala zao? Data walipewa, au waliambiwa wasubiri? Msimamizi maarufu anayesafiri miezi 8 kwa mwaka hukufaa kidogo kuliko asiye na jina kubwa anayesoma rasimu yako ndani ya wiki mbili na kukurudishia ikiwa imejaa wino.

Swali

Maswali mazuri hukaa kwenye mambo ambayo kila mtu anayafanya bila ushahidi. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu alimwagiwa maji mengi ya mshipani kwa haraka, na ilionekana wazi kwamba yanasaidia. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland huko Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, liliingiza watoto 3,141. Kufikia saa 48, vifo vilikuwa karibu 10.5% kwa waliopewa maji hayo ya haraka na 7.3% kwa wasiopewa. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa inaua. Zingatia pia nani hawakuingizwa: watoto wenye kuhara na kutapika na wenye utapiamlo mkali waliachwa nje, kwa hiyo matokeo hayo hayamzuii yeyote kumpa maji mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara. Anayelisoma jaribio bila kusoma vigezo vya kuingia huishia kudhuru kundi lingine.

Andika swali lako kwa sentensi moja yenye nani, kitu gani, ukilinganisha na nini, ukipima nini, kwa muda gani. "Kuchunguza nimonia kwa watoto" si swali. "Kati ya watoto wa miezi 2 hadi 59 waliolazwa kwa nimonia kali, je, siku 5 za dawa za kumeza baada ya siku 2 za sindano zinatosha, ukilinganisha na siku 7 za sindano, kwa kuangalia kurudi kwa ugonjwa ndani ya siku 14?" ni swali. Kama huwezi kuijaza sentensi hiyo, usianze kuandika itifaki, yaani mpango kamili wa utafiti.

Swali la chanzo cha ugonjwa lina mtego wake. Vipimo vya PCR, vinavyotafuta chembe za urithi za vimelea, siku hizi hukamata vipande vidogo mno vya vimelea, na pua ya mtoto mzima wa afya hubeba bakteria na virusi vingi bila kumdhuru. Ukipima wagonjwa peke yao, utatangaza kwamba pneumokoki, bakteria anayesababisha nimonia, ndiye chanzo cha kila kitu. Ndiyo maana tafiti kubwa za nimonia na za kuhara, kama PERCH na GEMS, ziliweka kundi linganishi la watoto wasio na ugonjwa, wa umri uleule na mtaa uleule. Panga kundi hilo tangu mwanzo. Huwezi kurudi kulikusanya mwaka unaofuata, kwa sababu msimu wa virusi umeshapita. Malaria ni vivyo hivyo. Mahali penye maambukizi mengi, vimelea kwenye damu havithibitishi kwamba homa ya leo imetokana navyo, na kipimo cha haraka cha HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, hubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtoto kupona.

Umri na kinga

Kabla ya kuchagua kipimo, jiulize kingamwili unayoipima ni ya nani. Mtoto wa mama mwenye VVU huwa na kingamwili za mama mpaka karibu miezi 18, kwa hiyo chini ya umri huo kipimo cha kingamwili hakithibitishi maambukizi; inabidi kutafuta virusi vyenyewe kwa PCR. Kingamwili za mama huweza pia kuizima chanjo ya surua ikitolewa mapema mno, na ndiyo sababu nchi nyingi huanza miezi 9 au 12.

Kuna kingine ambacho mtafiti wa chanjo hawezi kukikwepa. Bakteria kama pneumokoki na Hib, anayesababisha homa ya uti wa mgongo kwa watoto, wamevikwa ganda la sukari, na mtoto chini ya miaka 2 hutengeneza kingamwili dhaifu dhidi ya sukari tupu. Chanjo ya kwanza ya Hib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985, ilikuwa sukari tupu, ikawakosa watoto wadogo ambao ndio hasa waliokuwa wakifa. Sukari ilipounganishwa na protini, kinga ikaamka hata kwa wachanga. Ukipanga kupima mwitikio wa chanjo, chukua damu kabla ya dozi na siku 28 hivi baada ya dozi ya mwisho, na itifaki itaje siku chache za kuzidi au kupungua zinazokubalika. Bila hivyo, mmoja atapimwa siku ya 20 na mwingine ya 60, na utalinganisha vitu visivyolingana.

Idadi ya watoto

Hapa ndipo tafiti nyingi za wanafunzi hufia. Tuseme vifo ni 10% na unatumaini tiba mpya itavishusha hadi 7%. Kwa uwezo wa 80% wa kuiona tofauti hiyo na nafasi ya kosa ya 5%, hesabu ya haraka ni hii: chukua 1.96, namba ya kitakwimu ya ile 5%, na 0.84, ya ile 80%; (1.96 + 0.84) kipeo cha pili ni 7.84. Zidisha kwa jumla ya (0.10 × 0.90) na (0.07 × 0.93), yaani 0.1551. Gawanya kwa 0.03 kipeo cha pili, yaani 0.0009. Unapata watoto 1,352 kwa kila kundi. Ukitarajia 10% wapotee kabla ya kipimo cha mwisho, gawanya kwa 0.9, na unahitaji karibu 3,000 kwa jumla. Wodi inayolaza watoto 20 wa aina hiyo kwa mwezi ingekuchukua zaidi ya miaka 12. Basi ama uungane na hospitali nyingine, ama upime kitu kinachotokea mara nyingi zaidi kuliko kifo, ama ubadili swali. Usikubali kupunguza idadi kwa kujidanganya kwamba tiba ina nguvu kuliko ilivyo.

Kwa madhara adimu tumia kanuni ya namba 3: usipoona dhara lolote kwa watoto n, bado linaweza kuwapata hadi 3 kati ya n. Ili uondoe hofu ya dhara la mtoto 1 kati ya 10,000, unahitaji watoto 30,000 wasiopata hata mmoja. Chanjo ya RotaShield iliidhinishwa mwaka 1998 na kuondolewa mwaka 1999 baada ya kuhusishwa na utumbo kujiingiza ndani ya utumbo, kwa kiwango kinachokadiriwa kuwa 1 kati ya 10,000 hivi. Chanjo mbili za rota zilizofuata zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000 kabla ya kuidhinishwa.

Ridhaa

Mtoto hawezi kutoa ridhaa kisheria. Mzazi au mlezi halali ndiye anayetoa. Lakini mtoto anayeelewa, kwa kawaida kuanzia miaka 7 hivi kulingana na sheria za nchi, aulizwe kwa lugha yake na ukubali wake uandikwe. Akikataa sindano ya utafiti isiyo na faida kwa matibabu yake, heshimu hilo hata kama mzazi amesaini.

Karatasi ya maelezo isizidi kurasa ambazo mama aliyechoka anaweza kuzisikiliza kwa dakika 10. Iandikwe katika lugha anayoitumia nyumbani, itafsiriwe, kisha mtu mwingine airudishe kwenye lugha ya awali ili makosa yaonekane. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, aweke dole gumba, shahidi asaini. Baada ya maelezo muulize mzazi akueleze mwenyewe utafiti unahusu nini. Kosa linalotokea sana ni mzazi kuamini kwamba akikataa mtoto hatatibiwa. Akijibu hivyo, anza upya. Kwa dharura ambapo dakika zinahesabika, kamati ya maadili inaweza kuruhusu maelezo mafupi kwanza na ridhaa kamili baadaye, lakini utaratibu huo uidhinishwe kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

Kiasi cha damu kihesabiwe kwa uzito. Mtoto ana damu karibu mililita 80 kwa kilo. Kikomo kinachotumika sana, na kilichomo kwenye miongozo ya Ulaya, ni 1% kwa mara moja na 3% ndani ya wiki 4 kwa ajili ya utafiti. Mtoto wa kilo 6 ana mililita 480, kwa hiyo mwisho ni 4.8 kwa mara moja na 14.4 kwa wiki 4. Mchanga wa kilo 2 huvuki 1.6. Mwenye upungufu wa damu shusha zaidi, na jumlisha damu inayochukuliwa kwa matibabu, kwani mwili hautofautishi. Tengeneza jedwali la uzito na mililita, libandike juu ya meza ya kuchukulia sampuli. Muuguzi wa zamu ya usiku hana muda wa kukokotoa.

Kwa jaribio la tiba, liandikishe kwenye rejista ya umma kabla ya mshiriki wa kwanza. Wahariri wa majarida makubwa wamelishikilia sharti hilo tangu mwaka 2005, na ukichelewa hakuna marekebisho. Unda kamati huru ya kuangalia usalama wa data, yenye mamlaka ya kusimamisha jaribio. Tukio baya kubwa la kiafya liripotiwe kwa mdhamini wa jaribio ndani ya saa 24 tangu timu ilipolijua, hata kama unaamini halikutokana na dawa.

Sampuli

Hakuna hesabu ya takwimu inayoweza kuiokoa sampuli mbovu, kwa hiyo sehemu hii isome pamoja na wauguzi na wataalamu wako wa maabara.

*Kuotesha bakteria wa damu.* Kinachoamua zaidi kama utampata bakteria ni ujazo wa damu. Kwa homa ya matumbo, mililita moja ya damu inaweza kuwa na bakteria mmoja au asiwepo kabisa. Chukua kabla ya antibayotiki, mililita 1 hadi 3 kwa mtoto mdogo, kulingana na uzito na maelezo ya chupa. Pima chupa kwenye mizani kabla na baada. Mililita moja ya damu ina uzito wa gramu 1.06 hivi, na hapo utajua nani anaweka matone na kuita sampuli. Safisha ngozi kwa klorheksidini yenye alkoholi, acha ikauke yenyewe angalau sekunde 30, usiiguse tena kwa kidole. Futa mfuniko wa chupa kwa alkoholi ya 70%. Jaza chupa ya kuotesha kwanza, ndipo mirija mingine, ili usihamishe uchafu wa mirija. Otesha siku 5. Kama zaidi ya 3% ya chupa zako zinaotesha bakteria wa ngozi, simamisha, rudia mafunzo. Sababu ni ileile karibu kila mara: ngozi haikuachwa ikauke, au mtu alipapasa mshipa baada ya kuisafisha.

*Maji ya uti wa mgongo.* Yafike maabara ndani ya saa 1, katika joto la chumba. Yasiwekwe kwenye friji kama yataoteshwa, kwa kuwa meningokoki, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, hufa kwa baridi, na chembe nyeupe huanza kuharibika zikikaa. Baada ya sindano ya antibayotiki meningokoki wanaweza kutoweka kwenye kuotesha ndani ya saa 2. PCR bado huwaona, kwa hiyo tenga mililita 0.5 ugandishe. Mtoto akiwa mahututi, dawa zitangulie, sampuli ifuate. Hakuna utafiti unaostahili kuchelewesha dozi ya kwanza.

*Nyuma ya pua.* Tumia kijiti laini chenye nyuzi za nailoni, si pamba ya kawaida. Mzazi ampakate mtoto, mtu wa pili ashike kichwa. Pitisha kijiti moja kwa moja kuelekea nyuma, sambamba na sakafu ya pua, si kwenda juu, kwa urefu wa nusu hadi theluthi mbili ya umbali kutoka tundu la pua hadi ndewe ya sikio. Zungusha taratibu, subiri sekunde 5, toa. Kwa pneumokoki, tumbukiza kwenye mililita 1 ya STGG, kimiminika cha kuhifadhia bakteria, kata mpini, tikisa kwa mashine sekunde 10 hadi 20, gandisha kwa nyuzi -70 au chini zaidi ndani ya saa 8. Anayekipandisha kijiti juu humtoa mtoto damu na bado hafiki panapotakiwa.

*Choo.* Shigela, bakteria wa kuhara damu, hufa haraka nje ya mwili. Kama maabara iko mbali, tumia kimiminika cha kusafirishia cha Cary-Blair na ubaridi wa nyuzi 4. Nepi hunyonya maji yote ya kuhara. Ivalishe kinyume, upande wa plastiki ndani, au weka karatasi ya plastiki. Sehemu nyingine gandisha kwa nyuzi -80 kwa ajili ya PCR.

*Kifua kikuu.* Mtoto chini ya miaka 5 huwa hatoi makohozi, na bakteria wake ni wachache. Maji ya tumboni yachukuliwe asubuhi kabla hajala wala kunyonya, na yachanganywe na baikaboneti ya sodiamu kama hayatashughulikiwa ndani ya saa 4, maana tindikali ya tumbo huwaua bakteria. Choo kinaweza kupimwa kwa Xpert, mashine ya PCR ya kifua kikuu, na humsumbua mtoto kidogo zaidi. Lakini tambua kwamba vipimo vyote vikiwa hasi mtoto bado anaweza kuwa na kifua kikuu, kwa hiyo itifaki yako lazima iwe na tafsiri ya ugonjwa inayotegemea dalili, picha ya kifua na historia ya kukaa na mgonjwa.

Kwenye friza, gawa kila sampuli kwenye vichupa viwili au zaidi na uviweke kwenye friza mbili tofauti zenye nyaya tofauti za umeme. Kuyeyusha na kugandisha tena huharibu, ndiyo maana vichupa vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa. Joto liandikwe mara 2 kwa siku, na kengele ipige simu ya mtu, si kulia kwenye chumba kitupu. Lebo ziwe za kuvumilia baridi. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika. Unaposafirisha sampuli za kundi B, yaani sampuli za kawaida za wagonjwa, alama ni UN3373: chombo cha ndani kisichovuja, vinyonyaji vya kutosha kufyonza ujazo wote, chombo cha pili kisichovuja, na sanduku gumu la nje. Barafu kavu ina alama yake, UN1845, na sanduku lake lisizibwe kabisa, kwani gesi isipotoka hulipuka. Weka barafu ya kutosha kuvumilia siku 2 za kukwama forodhani, na mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umesainiwa kabla gari halijaondoka.

Data

Andika tarehe ya kuzaliwa, usiandike umri. Umri kompyuta itaukokotoa. Tarehe isipojulikana, tumia kadi ya kliniki au kalenda ya matukio ya eneo, na uweke alama kwamba ni makadirio.

Pumzi zihesabiwe dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Mipaka ya WHO ya kupumua haraka ni 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 kuanzia miezi 2 hadi 11, na 40 kuanzia miezi 12 hadi 59. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 anaweza kukosea kwa pumzi 4 hadi 8, kiasi cha kumhamisha mtoto kutoka kundi moja hadi jingine. Uzito upimwe bila nguo nzito, mizani ikaguliwe kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana.

Fomu iwe fupi. Kila swali ambalo hujui litaingia jedwali gani lifute. Weka mipaka kwenye programu ya kuingizia data, mathalani REDCap, ili ikatae joto la nyuzi 83 au tarehe ya kulazwa iliyotangulia kuzaliwa. Majina yakae kwenye daftari moja lililofungiwa, data zibebe namba tu. Kila wiki kaa na mwingiza data mpitie mapengo, kwani baada ya mwezi mama ameshahama na hakuna wa kumuuliza.

Kugawa makundi kwa nasibu kufanywe na kompyuta ya mtu asiyeingiza wagonjwa. Ukitumia bahasha, ziwe na namba mfululizo na zisipitishe mwanga. Kugawa kwa siku, leo dawa hii kesho ile, si nasibu. Wauguzi wenye huruma watamsubirisha mtoto mahututi mpaka siku ya dawa wanayoiamini.

Fedha, makala na usalama wako

Andiko la kuomba ruzuku hukataliwa zaidi kwa swali lisilo wazi kuliko kwa Kiingereza kibaya. Ukurasa wa kwanza ueleze tatizo, pengo, swali na kitakachobadilika. Kwenye bajeti usisahau nauli za wazazi wanaorudi kliniki, matengenezo ya friza, bima ya washiriki, mshahara wa mwingiza data mpaka miezi 6 baada ya mgonjwa wa mwisho, na ada za uchapishaji. Mgawanyo wa waandishi ujadiliwe na kuandikwa kabla ya kukusanya data. Jaribio la tiba liandike kwa kufuata mwongozo wa uandishi wa CONSORT, utafiti wa uchunguzi usiojaribu tiba kwa ule wa STROBE. Chapisha hata matokeo yasiyoonyesha tofauti, la sivyo wengine watawachoma sindano watoto wengine kutafuta jibu lililokwisha kupatikana.

Wewe na timu mpate dozi 3 za chanjo ya homa ya ini B kabla ya kugusa damu. Kwa kujichoma sindano ya mgonjwa mwenye VVU, dawa za kinga zianze mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72. Vifo vya watoto huumiza, hata ukiwa umefanya kila kitu sawasawa. Panga kikao cha timu baada ya kila kifo cha mshiriki, kipitie kilichotokea na kimpe kila mtu nafasi ya kusema, na umpe mapumziko aliyekuwa zamu.

Matokeo yakitoka, wazazi waliochangia wayasikie kabla ya waandishi wa habari, kwa mkutano wa ana kwa ana na karatasi ya ukurasa mmoja isiyo na takwimu ngumu. Kwa wodi, andaa karatasi nyingine yenye dozi kwa kilo na umri unaohusika, na uipeleke pia kwa kamati ya wizara inayoandika miongozo ya tiba, kwa kuwa daktari mpya husoma mwongozo na si jarida. Miezi 3 baadaye rudi uhesabu ni watoto wangapi wanaopata tiba hiyo kama ilivyoandikwa, kwa umri ulioandikwa. Wasioipata, uliza kwa nini: dawa haikuwepo, dozi ilikokotolewa vibaya, au mtoto alifika akiwa amechelewa mno. Kila jibu kati ya hayo linaweza kuandikwa kwa sentensi moja yenye nani, kitu gani, ukilinganisha na nini.